Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Tanzia yangu inaning'inia juu ya geti la karakana yangu, upande wa barabara kuu, na mimi niko chini yake nakunywa chai. Ina picha yangu, ina jina langu lote na la ukoo. Aliyeichora ni mjukuu wangu, na mimi ndiye niliyemwagiza. Kwa nini mtu mwenye akili zake aagize tanzia yake, nitaeleza. Watu wa Tunduma wameshaieleza wanavyotaka, na yao siyo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, bodi za malori. Shule niliiacha darasa la nne, nikashuka kwa miguu kutoka milima ya Ileje, nikasukuma mikokoteni ya wenyewe hapa mpakani mpaka nikapata mashine yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Leo ukitoka Mpemba kuja mpakani, kila geti utakaloliona lenye jua katikati na miale yake ni langu, au fundi fulani ameniiga. Anayechukia majigambo aishie hapa hapa.

Mjukuu wangu huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza, na amekulia kwangu. Geti mimi silichori kwenye karatasi. Nalichora kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake wenyewe, kisha vijana wangu wanakata chuma na kukilaza juu ya mistari. Yeye alikuwa akirudi shule anaokota chaki na kuongeza vitu vyake. Siku moja nilikuta amenichorea jani la mgomba kwenye kona ya geti la mtu. Nikafoka. Mwenye geti alipofika akasema, hilo jani liacheni. Tukaliacha. Sikumsifu, mtoto akisifiwa mapema anavimba kichwa. Ila nilijua.

Alipomaliza kidato cha nne, baba yake alitaka awe nesi. Yeye akanijia mimi.

"Babu, nataka kusoma grafiki."

"Grafiki ni ugonjwa gani?"

"Ni kuchora kwa kompyuta. Nembo, mabango, mifuko ya unga, majalada ya vitabu."

"Mumeo amechora kwa chaki mmekula mkashiba. Kompyuta ya nini?"

Kwetu babu na mjukuu wa kike wanataniana kama mke na mume, na huyu ulimi wake haujawahi kulala.

"Mume wangu, chaki yako ikinyeshewa mvua inaondoka. Na wewe mwenyewe unaelekea kuondoka. Mimi nitakula nini?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Akaenda chuo, Mbeya. Likizo anarudi, na mimi nikampa chumba cha duka kilicho ubavuni mwa karakana, akaweka kompyuta na mashine ya kuchapa.

Kazi zilizokuja zilikuwa misiba. Zamani mtu akifa alitumwa kijana kukimbia vijijini. Siku hizi maiti haijaoshwa, tanzia yenye picha imeshafika Vwawa, Itumba, na kwa ndugu walio ng'ambo ya Zambia. Halafu linachapwa bango la kutundika msibani, halafu fulana. Mjukuu wangu alikuwa anachukua mawingu ya wengine kwenye mtandao, njiwa wawili, mshumaa, anaweka uso wa marehemu katikati. Wiki hii mama wa watu, wiki ijayo bwana shamba, mawingu yale yale.

Mwalimu wake chuoni hakumwonea haya. Kila wiki, hata likizo, wanafunzi walitakiwa kuweka kazi moja kwenye kundi la darasa kwenye simu, na kila wiki mwalimu alimwandikia hivi: hii nimeshaiona kwa wengine, wewe uko wapi hapa? Akaja kulia kwangu.

"Anataka niwe wapi, babu? Msiba si wangu."

"Ana haki," nikamwambia. "Mimi mwenyewe marehemu wako siwatofautishi. Ukiniweka mimi humo bibi yako atazika mtu mwingine."

Alinuna siku nzima. Lakini kuanzia hapo nikamwona anatazama vitu. Anasimama sokoni anatazama mikono ya watu.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Nilikuwa na rafiki, mkulima wa kahawa, mzee mwenzangu kutoka upande wa Mbozi, aliyehamia huku kwa mwanawe alipoanza kuumwa. Aliumwa sana. Kwetu mgonjwa akishafika pale pasipo na tumaini, wenye nyumba wanajiandaa kimya kimya. Kuni zinapasuliwa, unga unasagwa, ng'ombe anatazamwa, na hakuna anayesema ni kwa ajili gani. Mgonjwa hatakiwi kusikia hata shoka. Siku hizi wameongeza na tanzia. Umeme wetu unakatika unapotaka, kwa hiyo watu wanataka iwe tayari, saa ikifika watume tu. Mwanawe akamjia mjukuu wangu na picha ya baba yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, iandae, uifiche."

Naye akaiandaa. Mara hii hakuweka mawingu. Alimkumbuka yule mzee alivyokuwa akisimama kwenye vichanja vyake vya kuanikia kahawa, akizigeuza punje kwa viganja. Akatandaza kahawa nyekundu karatasi nzima, na mzee katikati yake, mikono imezama humo, uso umeinama kidogo. Nilipoonyeshwa niliisogeza karibu na macho. Alikuwa ni yeye. Nilisikia mpaka harufu ya maganda.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Mtoto aliona kwa mara ya kwanza amefanya kitu ambacho hakuna mwingine aliyekifanya. Mwalimu anauliza kila wiki, wewe uko wapi? Akataka kumjibu. Akaiweka kwenye kundi la darasa. Kwa akili yake kule chuoni nani anamjua mzee wa kahawa? Lakini darasani alikuwamo binti wa Mlowo, na Mlowo kila mtu aliwahi kumchumia kahawa yule mzee au kununua kwake. Binti akamtumia mama yake, mama akatuma kwenye kundi la kanisa. Kabla jua halijawa kali, wanawake walishaingia uani kwa mgonjwa na unga kichwani na kuku mkononi, wanalia.

Mgonjwa aliwasikia. Akauliza, nani amekufa? Akaomba simu, akapewa na mjukuu wake mdogo asiyejua kitu. Mimi nilifika nikamkuta ameishika karibu na macho.

"Ni mtoto wako huyu aliyefanya hivi?" akaniuliza.

"Ni wangu."

"Kahawa ameipata," akasema. "Lakini mbona ana haraka?"

Akageukia ukutani. Wiki haikuisha, tukamzika.

Angekufa tu. Daktari alishasema, ndugu walishapasua kuni. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyeona tanzia inatangulia na kifo kinafuata nyuma yake. Msibani kwenyewe nilisikia minong'ono inazimika kila nilipokaribia. Mwana wa marehemu hakusema kwamba ndiye aliyeiagiza. Aliinamisha kichwa tu, na kile kichwa kilichoinama watu wakakisoma wanavyotaka. Ikawa ni neno moja mdomo kwa mdomo: yule binti wa fundi alimchora, akafa.

Wewe msomaji wa mbali unaweza kucheka. Mimi nimezaliwa huku. Najua neno la namna hiyo likishaanza kutembea huwa linaishia wapi, na nimeona nyumba ambazo leo ni magofu ya matofali na nyasi kwa sababu ya neno dogo kuliko hilo.

Bi harusi mmoja alikuja kuchukua picha zake zisitengenezwe kadi. Alizichukua kwa ncha za vidole. Mwalimu wa shule ya awali akaghairi mabango ya mahafali. Mjukuu wangu akinyanyua simu barabarani, hata akitafuta mtandao tu, utaona mama anajifunika khanga, mwingine anamvuta mtoto. Mlangoni kwake palikuwa na picha ndogo ndogo za mfano, za watu wa mtaa. Asubuhi moja tukakuta zote zimebanduliwa, kila mtu ameokoa ya kwake. Asubuhi nyingine mlango umeandikwa kwa mkaa: HAMA.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja, mtu mstaarabu, akakaa kwenye kiti changu akizungusha kofia mikononi.

"Mzee wangu, mimi siamini mambo haya."

"Vizuri."

"Lakini kuna vijana wanaongea. Mfungie hiyo kompyuta yake wewe mwenyewe, kabla hawajaja kuifunga wao. Mimi nikiitwa nitafika, ila sijui kama nitafika mapema."

Nilimwelewa. Alikuwa ananiambia mtoto wangu anaweza kuchomwa moto, na ananiambia kwa adabu.

Mjukuu wangu mwenyewe alishavunjika. Nikamkuta anakunja nguo. Chuo basi, akasema. Ataenda kwa shangazi yake Mkwajuni, awauzie chakula wachimbaji wa dhahabu.

"Na kuchora?"

"Nimechora nini mimi, babu? Nilivyokuwa naiga mawingu hakuna aliyenichukia. Siku niliyochora cha kwangu mtu ameumia. Aliniona nikimzika akiwa anapumua."

Mimi si mtu wa maneno laini. Nikamwambia lililonijia.

"Nichore mimi."

"Nikuchore nini?"

"Tanzia."

Akaangusha nguo. "Babu, usiseme hivyo!"

"Wanasema ukimchora mtu anakufa. Nitundike juu ya geti, malori yote yanione. Mimi nitakaa chini yake natafuna mahindi ya kuchoma. Kila siku ninayoamka, wao wanakuwa waongo."

"Na ukiumwa?"

"Siumwi."

"Unakohoa."

"Kila fundi wa kuchomelea anakohoa. Chora."

Ya kwanza aliyoileta ilikuwa na mawingu. Alikuwa na hofu, akakimbilia kule anakokujua. Nikamrudishia. "Mimi sijawahi kukaa mawinguni, mke wangu. Nimekaa kwenye vyuma." Akarudi kukaa karakanani. Alikaa siku nyingi kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananitazama. Akaniambia nivue miwani myeusi. Akaniuliza mambo ambayo bibi yake hajawahi kuniuliza: kwa nini naanza geti upande wa kushoto, kwa nini jua. Nikamwambia jua kwa sababu Ileje kuna ukungu, nilipotoka huko nilikuwa na njaa na baridi, na huku bondeni nikaota jua. Sikujua kama najua hivyo mpaka aliponiuliza.

Alichokileta ni hiki kinachoning'inia. Ni sakafu ya karakana yangu, imetazamwa kutoka juu. Mistari ya chaki ya geti, nusu ya jua imechorwa, nusu bado. Na mimi mdogo pembeni, nimechuchumaa pale mstari ulipoishia, chaki mkononi. Neno TANZIA juu, jina langu chini, mwaka wa kuzaliwa ule tuliokisia, kisha kistari, kisha pengo. Uso wangu hauonekani vizuri, lakini hata adui yangu akiona ule mgongo atanitambua.

Nikalichomelea bango hilo fremu, tukalipandisha mchana kweupe. Watu walisimama. Kwenye foleni injini za malori zikaendelea kunguruma. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Mke wangu mkubwa, yaani bibi yake, alitazama mara moja, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hapiti chini ya lile geti. Anazunguka mlango wa nyuma hata akiwa na ndoo ya maji kichwani. "Umeniita mjane nikiwa napika," aliniambia, "basi chakula chako atakupakulia marehemu."

Dereva mmoja wa Zambia akashuka kwenye lori lake, akavua kofia, akanisalimia kwa Kibemba.

"Mwapoleni mukwai, tata. Poleni sana. Huyu mzee alikufa lini?"

"Ni mimi."

Aliniangalia, akaangalia juu, akarudi kwenye lori lake bila kugeuka, kinyumenyume.

Basi nikawa mtu wa kutazamwa. Vijana wa bodaboda kila asubuhi: "Mzee, bado upo?" Nami: "Nipo. Kamwambie aliyekutuma." Walicheka, lakini walikuwa wanauliza kweli. Nikichelewa kutoka ndani naona vichwa vimekusanyika kwenye kibanda cha chai. Nikipiga chafya, mazungumzo yanasimama. Nilikuwa sijawahi kujua uzito wa kuamka. Mtu mzima nikaanza kulala mapema na kunywa uji bila kulazimishwa. Siku ya homa nilivaa koti nikaenda kukaa nje, meno yanagongana, nikiwasalimia wapita njia.

Mlango haukuandikwa tena, naye akaendelea na chuo. Kazi zikaanza kurudi moja moja, lakini kwa masharti. Muuza mbegu wa Mlowo alitaka bango: "Herufi tu, binti, sura usiweke." Mwanamke wa Itumba alitaka kadi za harusi ya mwanawe: "Usiweke mtu." Kila aliyekuja alisema hivyo hivyo. Nilidhani itamuua. Kumbe ndiyo ikamfungua. Alikatazwa nyuso, akaenda kwenye vitu. Harusi akaichora kwa viti viwili vya kuazima vilivyofungwa kamba pamoja. Mbegu akaichora kwa nyayo kwenye tuta. Kanisa likataka bango la mavuno, akachora vivuli vya wanawake vilivyoanguka kwenye mahindi yaliyoanikwa, na hakuna aliyeweza kulalamika kwa sababu kivuli hakina pua. Akamtumia mwalimu wake. Mwalimu akaandika: hii sasa ni yako, hata ukiondoa jina nitajua. Alinisomea maneno hayo mara mbili, ya pili nilimwomba mimi.

Kama ningekuwa mwongo ningeishia hapo.

Kikohozi kilibadilika. Kilikuwa cha juu, kikashuka chini, kikaanza kuniamsha. Nikajifunza kukohoa mashine ikiwaka ili isikike mashine. Leso nilikuwa nafua mwenyewe. Mke wangu alidhani nimepata adabu uzeeni. Siku moja mjukuu wangu alikuwa likizo, akasimama mbele yangu na mkono wazi.

"Nionyeshe leso."

"Leso ya nini?"

"Babu. Leso."

Nikampa. Akaitazama kama anavyotazama kila kitu siku hizi, taratibu, mpaka kwenye kingo. Akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

"Kesho tunakwenda Mbeya."

"Wakisikia nimelazwa?"

"Watasikia tu."

"Wewe hujui watakachofanya."

"Nakijua," akasema. "Nimekiona kimeandikwa mlangoni kwangu. Vaa shati zuri."

Sikutaka kwenda kwa kujificha. Tulipanda basi mchana, mbele ya kibanda cha chai, nikawaambia wote nakwenda kupimwa kifua. Chai zilibaki mikononi. Kijana mmoja alitazama bango, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilimkazia macho mpaka akashusha ya kwake.

Hospitali walinipiga picha ya kifua, wakachukua makohozi, wakasema niende na picha nirudi baadaye kwa majibu mengine. Tuliporudi watu walikuwa wengi kuliko tulivyowaacha. Walikuwa hawafanyi kitu. Walikuwa wamesimama tu kando ya geti, na mwenyekiti wa mtaa alikuwamo, kofia mkononi.

Mwanamke mmoja wa makamo akasema, "Mzee, wamekwambia nini?"

Ningeweza kuingia ndani. Nikamwambia mjukuu wangu, "Toa."

Akaitoa picha kwenye bahasha kubwa, akainyanyua kuelekea jua. Mbavu zangu zote zikaonekana, na upande wa kulia doa jeupe lenye kingo chafu, kama alama ya kuchomelea iliyofanywa na mwanafunzi. Hata asiyesoma aliliona. Watu wakarudi nyuma hatua. Mikono yake ilikuwa imetulia. Aliitazama, kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia:

"Hii sijaichora mimi."

Nikajisikia naongea kabla sijafikiri.

"Nimeichora mwenyewe," nikawaambia. "Kwa moshi wa vyuma, tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mageti mnayofunga usiku mkalala salama ndiyo haya hapa kifuani. Anayetaka kujua aliyeniua aende akaliguse geti lake."

Mwenyekiti akavaa kofia yake. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na mpaka leo sijui kama wameondoka kwa kuelewa au kwa kwenda kungoja.

Mjukuu wangu alitaka kuacha mitihani ya mwisho akae aniuguze. Nikakataa. Tuligombana vizuri, na kwa mara ya kwanza nilimpiga marufuku kunitania. Akafunga mzigo. Jana asubuhi nilimsindikiza stendi. Aliingia, akakaa dirishani, na nikaona mtu aliyekuwa kiti cha pembeni anainuka, anahamia nyuma. Kiti kikabaki kitupu. Abiria wakaingia, wakakiona, wakapita. Dereva alishawasha injini.

Mwisho akapanda mama mmoja na mtoto mgongoni. Akasimama, akamtazama mjukuu wangu. Alimjua, niliona kwenye shingo yake kwamba alimjua. Akamshusha mtoto, akamfunika uso kwa khanga, akaukaza ule mkunjo vizuri.

Kisha akakaa.